Mninga Uliochunwa Pande Zote

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na wala usinipe pole. Jana uliniletea simu yako ukanionyesha rangi wanazosema zitavaliwa mwakani, ukaniuliza uanze na ipi kutia nyuzi zako. Nilinyamaza, ukadhani sijaona vizuri. Niliona. Nilinyamaza kwa sababu nilimsikia baba yangu mdogo, Yona, akisema kwa mdomo wako.

Wakati wa Mwingereza tulikaa Hasamba. Wanaume ndio waliofuma nguo. Sisi wanawake tulisokota pamba na kuitia rangi, na kwa rangi nyekundu hakuna aliyemfikia shangazi yangu Tabitha. Aliitoa kwenye magome ya mninga, mti ambao ukiuchanja unatoka utomvu mwekundu, damu kabisa. Mininga yake ilikuwa nyuma ya shamba la ulezi, aliachiwa na mama yake, na sharti alilolishika ni lile la mama yake: gome linachunwa upande wa mawio tu, kidonda kinasiribwa udongo, na mti huo unaachwa upumzike mpaka upone. Ukiuzungushia kisu, umeuua. Hata mtoto alilijua hilo, na Yona alilijua kuliko mtoto.

Mimi nilikuwa nimeshachumbiwa. Kwetu bibi harusi alitoka nyumbani amejifunga nguo nyekundu, uzi wake umetiwa rangi na shangazi yake mwenyewe. Bila hiyo watu waliuliza kama una ndugu. Uzi wangu ulikuwa umeshasokotwa, unaning'inia darini mweupe, tunangoja tu miti ianze kuchipua ili magome yaachie vizuri.

Ndipo Yona akarudi kutoka Mlowo, maneno yamemjaa. Mwenye duka mmoja kule, aliyepata habari kwa madereva wa malori ya ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, alimwambia kwamba rangi ya mwaka unaokuja ni nyekundu iliyoiva. Wake za watu wa migodini kule ng'ambo hawatataka kufuma vitambaa vyao vya mezani kwa uzi mwingine.

"Dada, tuchangamke," Yona alimwambia shangazi. "Rangi yenyewe tunayo hapa nyumbani."

"Tunayo ya kututosha," shangazi akajibu. "Huyo mwenye duka ameuona lini mninga wangu, hata aupangie kazi?"

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi na shangazi tulipokwenda Ibaba kumtazama mgonjwa, Yona alichukua panga. Hakutafuta upande wa mawio. Alichuna kote, toka chini mpaka mkono ulipofikia, mti baada ya mti, akachemsha magome, akatia rangi kila uzi aliouona na kuupeleka Mlowo. Wangu aliuacha. Nadhani alijiona ana huruma.

Tuliporudi shangazi alipita kwenye miti yake, akiigusa mmoja mmoja. Milima yote ilikuwa inavaa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, na miti yake ikatoa vijani vichache vikanyauka. Kwa majirani hatukupata hata gome moja, maana yale maneno ya Mlowo yalikuwa yamefika kila nyumba na kila mtu alikuwa amekimbilia panga. Na mwenye duka je? Yona alipompelekea mzigo wa pili, aliambiwa kwamba ng'ambo sasa wanataka buluu. Buluu! Mpaka leo neno hilo nikilisikia natamani kutema mate.

Shangazi alimwita mbele ya ndugu. "Yona, wewe umemuua mama mara ya pili."

"Dada, miti si itaota mingine?"

"Itaota. Na huyu ataolewa lini?"

Nguo yangu ilifumwa vilevile, nyeupe. Siku zile nguo nyeupe tuliijua kwa kumvika maiti. Asubuhi wakwe walipofika kunichukua, Yona alimsogelea shangazi akamnong'oneza, "Dada, utamtoaje mtoto amevaa sanda?"

Shangazi hakunong'ona. Aliongea mpaka wakwe wakageuka. "Si ulikuwa unaitafuta rangi ya mwaka unaokuja? Ndiyo hii. Itazame vizuri, Yona, kwa sababu mwakani tutakuwa nayo hii hii, na mwaka wa baadaye pia."

Nilitoka nyumbani kwetu nimeivaa, wanawake wakipiga vigelegele vya kulazimisha, na nyuma yangu shangazi akilia kwa mara ya kwanza. Baadaye walinisihi nimsamehe Yona. Kwa mdomo nilimsamehe.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sikukatazi rangi za kwenye simu. Macho yako ni ya kijana, yafurahishe. Ila usimwahidi mnunuzi wa Tunduma hata fundo moja la uzi kabla hujakwenda kuutazama mninga wako na kuona una gome kiasi gani la kukupa. Chuna upande wa mawio, siriba udongo, uondoke. Atakayekuambia harakisha kabla mitindo haijapita, muulize atakuwa wapi mti ukikauka. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Shangazi hakuutupa wake, alitupiwa na ndugu yake wa tumbo moja, na hiyo ndiyo inayonichoma.

Mungu akupe mikono ya shangazi Tabitha na ubishi wake. Uzi wako ushike rangi, mvua isiutoe. Miti yako ikuzidi umri. Na siku wakwe zako watakapokaa hapa uani kukungoja, mwanangu, wewe utoke na nyekundu.