Msimu wa Kumwombea Mwekundu

Bibi alikuwa akisema kelele za uwanja ule zinafanana na mvua ya masika inayopiga juu ya bati. Mimi nilizaliwa Muscat, sikuwa na mvua ya kulinganishia, kwa hiyo nilimwamini. Kelele zenyewe zilitoka kwenye televisheni ya ukumbini kwa ami yangu, mtaa wa Ghubra, baina ya magharibi na isha. Nje joto la kiangazi lilikuwa na unyevu hata vioo vya madirisha vikitoa jasho. Ndani kiyoyozi kilinguruma, kahawa ilinukia iliki, na watu wazima wa familia yetu walikaa kimya kama waliofiwa, wakiwatazama Waingereza wakiangushana kwenye matope. Hata leo nikisikia umati ukivuma kwa mbali, huziba macho kwanza, ndipo ninapokumbuka sababu.

Ami Khalfan ni kaka yake baba. Aliondoka Unguja akiwa kijana na akaishia katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, kwenye gereji ya mabasi ya mji. Watu wa huko walikuwa hawana habari na kandanda. Mchezo wao ulikuwa raga, tena si ile ya watu kumi na tano inayojulikana duniani, bali ya watu kumi na tatu, mchezo wa watoto wa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda. Alipohamia Muscat mimi nilikuwa bado nanyonya, na mapenzi ya mchezo ule alikuja nayo. Alitufundisha sote, tulitaka tusitake. Timu ikiwa na mpira inaruhusiwa kuangushwa mara sita, kisha inautoa kwa wenzao. Ukivuka mstari wa mwisho ukaugandamiza mpira chini kwa mkono wako, hiyo ndiyo trai. Ukitoka nje ya mstari wa pembeni, hata kwa ncha ya kidole cha mguu, kila ulichofanya ni bure. Bibi ndiye aliyeshika upesi kuliko wote. Alihesabu kuangushwa kwa tasbihi yake.

Na katika mchezo ule Ami alikuwa na mtu wake. Jina lake lilikuwa gumu kwa ulimi wa Bibi, na kwa kuwa nywele zake zilikuwa rangi ya hina, Bibi alimwita Mwekundu, na nyumba nzima ikafuata. Ami alikuwa amemwona siku aliyocheza mara ya kwanza, kijana mwembamba aliyewekwa pembeni kwenye winga. Aliudondosha mpira mara mbili na uwanja mzima ukamzomea. "Na mimi nilimzomea," Ami alikuwa akituambia kwa fahari, kama mtu anayesimulia alivyogombana na rafiki yake siku waliyojuana. Klabu yake ilimwacha kwa kuwa ni mdogo wa mwili. Akaenda klabu ya daraja la chini, akafunga trai nyingi hata wale waliomwacha wakarudi kumwomba. Alivunjika mguu, wakasema amekwisha. Alirudi akiwa hana tena mbio zake za zamani, lakini amejifunza kusubiri. Ami alipenda kutuonyesha jambo hilo. Mwekundu angeweza kusimama pale pembeni muda mrefu bila kuguswa na mpira, mikono kiunoni, utadhani ni mtu anayengoja basi. Kisha mara moja tu nafasi ikifunguka, alikuwa ameshapita. Msimu ninaouzungumzia alikuwa mzee kwa mchezo ule, na trai chache tu zilikuwa zimebaki avunje rekodi ya ligi iliyodumu tangu kabla Ami hajazaliwa.

Msimu huohuo Ami alianza kusimama katikati ya ngazi. Alijifanya anatazama picha ukutani. Mkewe, Mama Rayya, ambaye si mtu wa kudanganywa na picha, alimpeleka kwa daktari, na daktari akasema mishipa ya moyo imeziba, lazima apasuliwe, tena asichelewe. Ami alisema ataangalia. Aliangalia mwezi mzima. Alikuwa mtu asiyeogopa mbwa wala bosi wala mawimbi, lakini kisu alikiogopa, na kwa sababu hakuweza kusema anaogopa, alikuwa mkali. Jioni moja, Mwekundu amefunga na sote tuna furaha, Mama Rayya akaona amepata upenyo, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Mundhir, kesho nimpigie daktari?"

"Wallahi," Ami akasema bila kuondoa macho kwenye televisheni, "siku huyu akivunja rekodi, kesho yake naingia hospitali kwa miguu yangu. Lakini mpaka siku hiyo, mtu asinambie neno!"

Bibi akaweka tasbihi mapajani. "Umeapa."

"Mama, nimesema tu."

"Umesema wallahi. Nimesikia mimi, kasikia mkeo, kasikia na huyu mtoto. Salha, ami yako kasemaje?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilirudia maneno yake neno kwa neno, na Ami akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na kiti chake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Kwanza tulicheka. Mundhir, mtoto wa Ami, aliyekuwa chuo na mwenye mdomo, alimwita baba yake "mgonjwa wa Mwekundu". Tulidhani trai zile zitapatikana upesi. Lakini Mwekundu aliumia bega, akakaa nje, akarudi, na mpira ukawa haumfikii. Wiki zikapita. Ami akaacha kabisa kupanda ghorofani, akawa analala chumba cha wageni na kusema kule kuna baridi nzuri. Mama Rayya, ambaye miaka yote aliondoka ukumbini raga ikianza, sasa alikaa mbele kabisa, shela yake ameishika mkononi kama kitambaa cha jikoni, akimgombeza Mwekundu kwa jina. Bibi alifukiza ubani kabla ya mechi na kusoma dua. Mimi nilikuwa mtoto wa kufikiri sana, na sijapona. Nikawaza, je, inafaa kumwombea dua mtu asiyemjua Mungu wetu, afunge trai? Nikamwuliza Bibi.

"Mimi simwombei yeye," akanambia. "Namwombea mwanangu. Njia ndiyo imepitia kwake, n'fanyeje?"

Jibu lile lilimtosha Bibi, mimi halikunitosha. Usiku kitandani niliwaza. Akivunjika mguu tena? Akivunja rekodi siku umeme umekatika na Ami hakuona, itahesabiwa? Na akishindwa kabisa, ina maana Ami ana ruhusa ya kufa? Kila Mwekundu alipoangushwa niliziba macho, kwa sababu watu watatu wazito walikuwa wanamwangukia yeye na moyo wa ami yangu kwa pamoja.

Kisha likaja suala la dishi. Upepo wa vumbi ulilisogeza kule juu ya paa, na siku ya mechi televisheni haikuonyesha kitu ila chenga. Zamani Ami angepanda mwenyewe na koleo mkononi. Siku ile alikaa kwenye kochi, akasema kwa upole usio wake, "Acheni, msisumbuke. Tutasoma matokeo kesho." Mama Rayya alimtazama kidogo. Kisha akachukua ufunguo wa gari, akateremka mpaka Wadi Kabir kwenye gereji na mafundi, na akarudi na fundi nyuma ya gari, ngazi imetokeza dirishani. Picha ilirudi mechi ikiwa imefika katikati. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye zulia, karibu na miguu ya Ami. Mwekundu alikuwa tayari amelingana na rekodi kwa trai ya mechi iliyopita, kwa hiyo moja tu ilikuwa inatosha. Mara akapenya. Mbele yake kulikuwa na mtu mmoja peke yake. Sote tukainuka, na mimi, sijui kwa nini, nikatazama nyuma badala ya kutazama mbele. Ami hakuinuka. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania zulia. Mwekundu alipoangushwa, sote tukalia "Aaa!" Ami naye alilia, lakini alichelewa, na kabla ya kulia alishusha pumzi. Nilikuwa naijua pumzi ile. Ndiyo yangu ya darasani, mwalimu anapoita majina ya kusoma mbele na kulipita langu.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kwamba katika nyumba nzima, watu ambao hata hawakuujua mchezo walikuwa wanamtakia Mwekundu afike, na mtu pekee aliyempenda tangu ujana wake ndiye aliyekuwa akiomba aanguke?

Kabla ya mechi ya mwisho ya msimu, Mwekundu alitangaza kuwa anastaafu. Sasa ikawa ni siku ile au basi. Bibi hakuchelewa, ubani ulijaa ukumbini hata Mundhir akasema refa hataona kitu. Hakuna aliyecheka. Kahawa ilipoa vikombeni. Mwekundu alisimama pembeni, mikono kiunoni, na mpira ukawa unakwenda upande wa pili, kila mara upande wa pili. Bibi alihesabu kwa sauti, "Nne. Tano." Zilibaki dakika chache. Halafu mpira ukaanza kuja, mkono kwa mkono, kutoka katikati kuelekea kwake, nami nikamwona Ami anasimama taratibu, kiganja kifuani. Mwekundu akaudaka, akakimbia kwenye ule wembamba wa nafasi baina ya watu na mstari wa pembeni. Wakamrukia. Akajirusha hewani, mwili wote uko nje, mkono mmoja tu uko ndani, na akauweka mpira chini kwenye pembe kabisa.

Mama Rayya alianza kupiga kigelegele, kisha akakikata. Refa alikuwa amechora mraba hewani kwa vidole.

"Wanangoja nini?" Bibi akauliza.

"Wanaangalia mkanda, Bibi," Mundhir akasema. "Kama mguu uligusa mstari kabla hajauweka mpira."

Picha ikarudiwa taratibu, mara moja, mara ya pili. Uwanja mzima ulinyamaza, na ile mvua ya Bibi ikakatika. Mimi niliuona mguu na mstari, lakini sikujua ninachokiona. Hakuna aliyejua. Mmoja mmoja tukaacha kutazama televisheni, tukamgeukia mtu mmoja aliyejua.

"Khalfan," Bibi akasema. Hakuwa mkali. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Ni trai, au si trai?"

Angeweza kusema si trai. Angeweza kusema hajui, tumngoje refa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona shati lake linatikisika upande wa moyo. Alitazama ule mguu wa Mwekundu uliogandishwa hewani, juu kidogo ya mstari wa chaki.

"Trai," akasema. "Mguu uko juu, haujagusa. Ni trai safi, Mama."

Alisema kabla ya refa. Refa alipoinua mkono, sisi tulikuwa tumeshapiga kelele, na Ami alikuwa ameshakaa, analia, na Mundhir amemshika mabega. Asubuhi yake aliingia hospitali kwa miguu yake, kama alivyoapa. Aliulizwa na daktari kwa nini amechelewa kiasi kile, akajibu kwamba alikuwa anangoja mtu. Alipasuliwa, na alitoka. Baridi ile aliitumia kutembea polepole kwenye kibaraza, mto mdogo ameukumbatia kifuani kila anapokohoa.

Lakini raga hakuitazama tena. Tulidhani ni kwa sababu Mwekundu ameondoka. Mimi nilikuwa shule ya sekondari aliponiambia, tuko wawili garini, tunarudi kutoka Qantab na samaki nyuma. "Mwanangu, mtu yule alinifurahisha miaka chungu nzima, hanijui. Na msimu ule mmoja aliokuwa anamaliza kazi yake, mimi nimekaa kwangu namwomba Mungu wamvunje." Akasimamisha gari kwenye taa za barabarani. "Ukiogopa sana, unaanza kuchukia kitu unachokipenda. Mimi sikujua mtu huwa hivyo." Sikumwambia kwamba mimi nilijua. Niliona vidole vyake.

Nimemaliza chuo mwaka uliopita. Ukumbi ule wa Ghubra bado upo, lakini Bibi hayupo, televisheni imekuwa kubwa kama ukuta na haimkusanyi mtu. Mundhir anatazama mechi zake kwenye simu, mimi natazama simu yangu, na matokeo ya kila kitu yanatufikia kabla hatujapata nafasi ya kuyaogopa pamoja. Mimi nayaogopa peke yangu. Kwa miezi nimeomba kazi moja niliyoitaka tangu niko mwaka wa kwanza. Familia nzima inajua, na kila anayepita husema inshallah. Wiki iliyopita nikaitwa kwenye usaili, Jumapili hii, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya kazi. Tangu hapo nimejikuta nikiamka na kufungua simu kwa matumaini ya kuona wameahirisha. Nimejikuta nahesabu watu wanaonizidi alama, nikifurahi kwamba ni wengi. Msimu ule Ami alikuwa na nyumba nzima iliyomsukuma mpaka kwenye mstari, na mama aliyemwuliza swali moja mbele ya watu. Leo mtu anaweza kurudi nyuma kimyakimya chumbani kwake, na kila mtu akadhani hakubahatika.

Jana nilikwenda kumwambia Ami kuhusu Jumapili. Ameshakuwa mzee, lakini ngazi anapanda bila kusimama. Nilieleza mengi, kama kawaida yangu, kuhusu maswali watakayouliza, na viatu, na foleni ya asubuhi, na kwamba huenda kazi yenyewe si nzuri kama nilivyodhani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza, bila kucheka:

"Sasa nikuombee upate, au nikuombee usipate?"

Nilimwambia nipate. Nilichelewa kidogo kusema, na yeye alisikia.