Somo Langu Limemwaga Ndiva

Ndugu zangu katika mapambano, vijana wenzangu wa Suji, leo nimekausha shamba la mtu kwa chaki.

Asubuhi, hapa shuleni kijijini, niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kwamba kitu kilichotulia hakijongei mpaka kisukumwe au kivutwe.

(Nakiri, nilikuwa nikimfikiria pia Mwingereza anayetutawala.)

Mchana wakaenda kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, wakakishika kizibo wote kwa pamoja.

“Tumekivuta, mwalimu! Maji yamekimbia!”

Yamekimbia kweli, yakaishia korongoni. Zamu ya maji leo ilikuwa ya Mama Nakiete. Nyingine ni baada ya siku saba.

Nilimkuta kando ya mfereji mkavu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Watoto wamesoma. Na maharage yangu, mwalimu, yasome nini?”

Mimi, niliyekuwa msemaji wa chuo kizima cha ualimu, nikaanza kuhesabu madebe ya maji yatakayolitosha shamba lile.

Wazazi wanataka shule ifungwe. Kosa ni langu: niliwafundisha kuvuta, sikuwafundisha kuzuia.

Wataamua kesho saa tatu asubuhi.

Sisi tukutane mapema, saa kumi na mbili kamili alfajiri, mtoni, kila mmoja na debe lake, tuyamwagilie maharage ya Mama Nakiete kabla hawajaketi.