Matofali ya Mlango wa Nyuma

Mvua ikilowesha tofali la kuchoma, harufu inayoinuka hunirudisha Bungulu, Beni, kwenye parkingi ya malori iliyokuwa nyuma ya ghala la mawese. Mama yangu ndiye aliyeitunza. Lami haikuwepo. Alikuwa na jembe, karai na rundo la vipande vya matofali.

Msimu wa mvua, kila asubuhi alichota maji yote kwenye mashimo ya parkingi kwa kopo kabla ya kutia kipande hata kimoja. "Ukifukia maji, itarudi kukutafuta," alisema. Mimi nilikuwa na miaka minane na maswali yasiyokwisha. Niliyafuata maji hadi yanakoishia. Ila jambo moja halikuniingia akilini. Vipande bora, vigumu kama mawe, mama alivipanga kwenye mlango wa nyuma wa parkingi, mistari miwili ya kupitisha magurudumu. Mlango ule haukutumiwa na mtu. Mbele, walikoingilia wateja, alitia vile vinavyomomonyoka.

"Mama, juu ya nini bile bizuri unaweka nyuma?" nilimuuliza sababu.

"Kuingia haina kazi ngumu, Kahindo. Enda uchote maji."

Nililitafakari jibu hilo siku tatu, nikaamua kwamba amekosea. Alipokwenda kwaya, niling'oa vile vya nyuma kipande kimoja kimoja, nikapamba mlango wa mbele. Ulipendeza kweli. Kisha mvua ikanyesha hadi alfajiri.

Asubuhi risasi zikasikika upande wa Mavivi. Majirani walipanda na magodoro yao kwenye lori pekee lililobaki. Barabara ya mbele ilikuwa imejaa askari, basi shofere, Papa Kambale, akageuza kuelekea nyuma. Magurudumu yakazama.

"Mama Kahindo! Mistari yako iko wapi?"

Mama alinitazama mara moja tu. Akakimbia nyumbani kwetu, akarudi na mlango wetu wa mbao kichwani, akaulaza chini ya gurudumu.

"Eh, na bezi je?" shofere akauliza, akiwahofia wezi. "Nyumba inabaki wazi!"

"Batakuta nini? Masufuria yangu ya kutoboka? Endesha, papa!"

Mlango ulipasuka katikati, lakini lori likatoka, nasi juu yake, hadi Butembo.

Kosa lile nililibeba miaka mingi, nikipanga na kupangua maneno ya kuungama. Mwaka jana, nilipomaliza chuo, nilimwambia mama tukiwa tunachambua maharagwe nyumbani kwetu Bulengera, huko huko Butembo. Alicheka hadi ungo ukatikisika.

"Nilijuaka. Bidole byako bilikuwa bingali byekundu na matofali."

"Sasa juu ya nini haukuniambia mistari ile ni ya kukimbilia?"

"Kama nilikuambiaka, hungelala tena."

Nilikuwa nikidhani parkingi hutengenezwa ili malori yaje. Kumbe kila asubuhi, huku akiniacha nichezee maji, mama alikuwa akisawazisha njia yetu ya kutoroka. Alinijua vizuri. Jibu dogo tu lilinichukua siku tatu. Hilo la kutoroka lingenichukua utoto wote.