Fundi Anapofiwa Wiki ya Filamu

Watu wa ofisini wakitaka muda wao huomba likizo. Fundi wetu, mshona nguo wa nyuma ya soko, hana wa kumwomba, kwa hiyo yeye hufiwa.

Kila mwaka kituo cha utamaduni cha wageni kinapotangaza tamasha la filamu za nje, kiingilio bure, ukoo wake huanza kupukutika. Tamasha lilipokuwa la siku mbili alimzika binamu. Lilipoongezwa siku, akamtoa mjomba, na mjomba akatosha. Mwaka huu lilikuwa la wiki nzima, na wiki nzima huwezi kuifunika kwa binamu. Inataka maiti mzito. Basi akamuua shangazi aliyemlea.

"Wateja wakiniulizia," alimwambia fundi viatu, jirani yake wa kibarazani, "waambie shangazi yangu katutoka."

Fundi viatu ni mtu wa huruma. Machozi yalimlengalenga.

Ubaya ni kwamba marehemu alikuwa anaolewa Jumamosi. Mjane wa miaka sitini, kapata mstaafu wa posta, na kitambaa cha gauni lake kilikuwa chini ya meza ya fundi, mkasi haujakigusa. Fundi hakuona tatizo. Harusi ni saa nane mchana. Asubuhi yote hiyo Mungu kaiumbia nini?

Ijumaa mchana alikuwa safu ya tatu, skafu shingoni, joto likimchoma. Lugha ya filamu haijui, na maandishi ya chini humpita mbio kabla hajafika katikati, lakini wenzake wakitikisa kichwa naye hutikisa. Filamu ilikuwa ya bibi kizee anayekaa mlangoni kumngoja mwanawe. Mlango, bibi, mlango. Nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia kwa heshima, ikingoja keki na soda. Fundi alilia, tena kilio cha kweli.

Ulipofika mjadala, kipaza sauti akakishika yeye.

"Huyu mama," alisema, "anasubiri kwa niaba ya wazee wetu wote. Tujiulize, tumewaacha wangapi mlangoni?"

Makofi yalivuma. Mama mmoja mwenye miwani alimshika mkono akamwita msanii. Fundi akala keki mbili, akatoka kifua mbele apitie dukani kwake, kisha jioni arudi kwa filamu ya kufunga.

Wakati anapigiwa makofi, shangazi alikuwa amefika kibarazani kujaribu gauni.

"Fundi yuko wapi, baba?" alimuuliza fundi viatu, ambaye hakuwa akimjua.

"Kafiwa, mama. Shangazi yake."

"Shangazi yupi?"

"Yule aliyemlea. Tangu Jumatatu."

"Basi nipe kigoda hicho. Nimngoje, nimpe pole."

Fundi alipokata kona akamwona mwanamke mzee kaketi mlangoni pake, mikono mapajani. Miguu ikataka kurudi ilikotoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Maiti haiitikii salamu," alisema shangazi. "Marehemu kafuata gauni lake."

Nyundo ikamponyoka fundi viatu.

Ndani, kitambaa kilikuwa na mikunjo ileile aliyoikunja shangazi mwenyewe alipokileta. Fundi akachukua futi ya kupimia. Kiuno kilikuwa kimepungua tangu alipompima mara ya mwisho, mabega yamelegea, na yeye hakuwa na habari. Akageuka amwambie fundi viatu awaeleze watu ukweli.

"Ishia hapo hapo," shangazi akamkatiza. "Msiba umeuanzisha wewe, uache uendelee. Wewe shona. Pole za watu nitazipokea mimi."

Akarudi kwenye kigoda.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, mwenye suruali iliyoahidiwa kesho mara nyingi hata akaacha kuuliza ni kesho ya lini.

"Poleni sana kwa msiba, mama."

"Ahsante, tumeshapoa. Alikuwa mama mwema. Huyo unayemwona cherehanini, marehemu ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano."

Wakaja wengine. Kila mmoja alimkuta fundi kainamia cherehani, akasifu moyo wake wa kufanya kazi katika majonzi. Filamu ya kufunga ilianza bila msanii wake.

"Na marehemu," aliuliza muuza vitunguu, "aliugua nini hasa?"

Shangazi alimtazama fundi.

"Hakuugua kitu, mwanangu. Alikaa mlangoni akasubiri."

Cherehani ikanyamaza.

"Nisamehe, Shangazi," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Shona kwanza."