Babu Mwayalandi Katika Vitabu vya Stockholm

Mama yangu si mtu wa kuomba vitu. Ukimuuliza umletee nini kutoka safarini atakujibu, "Rudi salama, inatosha." Kwa hiyo mwaka 1976, nilipochaguliwa kwenda Uswidi kwa kozi ya wakunga ya miezi mitatu, nilishangaa alipoingia chumbani kwangu Morogoro, akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku nililokuwa ninalipanga. Mkononi alikuwa na kadi ya posta ya zamani, imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi.

"Huko unakokwenda ndiko baba yangu alikoandikia kadi hii," alisema. "Sitaki blanketi wala saa. Nataka kujua kama mama yangu alifungishwa ndoa, au wanayosema watu ndiyo kweli."

Niwaeleze, maana wengine hamkijui kisa hiki. Babu yangu, Maiko Dagani, alikuwa Mwayalandi, fundi wa injini za reli. Alikaa na bibi yangu Anna mwaka mmoja na nusu, Anna akafariki alipomzaa Mama. Babu akamwacha mtoto kwa mjomba, akaondoka, akaandika kadi moja tu kutoka Stockholm, kisha kimya. Kitabu cha ndoa cha misheni yetu kililiwa na mchwa, na padre wa siku zile alikwisha kufa. Basi watu wakajisemea watakavyo. Kila ugomvi wa kina mama pale misheni, uwe wa kwaya au wa zamu ya kufagia kanisa, mwisho wake Mama aliitwa mtoto wa garimoshi, yaani lilipita, likaacha moshi, likaenda zake. Amefika hamsini bado anaitwa hivyo, na hajawahi kuwa na cha kujibu.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, lakini nikajikaza kwa sababu wakunga wenzangu wawili walikuwa wananitazama mimi ili wajue kama waogope. Nilishika rozari mpaka Ulaya. Chakula walicholeta sikukigusa, na mpaka leo najuta, kwani mwenzangu alikula na changu.

Stockholm, mwezi wa nne. Tulifikia hosteli moja huko Vällingby, magharibi ya mji, maduka chini ya dirisha na stesheni ya treni hatua chache. Theluji ilikuwa imebaki vipandevipande kando ya njia, imechafuka. Wenyeji waliniambia hili ndilo joto, na kweli niliona watu wamekaa kwenye benchi wamefumba macho, wamelielekezea jua nyuso zao. Nilidhani wanasali. Asubuhi tulikwenda hospitali kujifunza, na Ijumaa mchana tulikuwa huru.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye kanisa Katoliki mjini. Sikufikiri mara mbili. Mwayalandi ni Mkatoliki, Mkatoliki huandikwa kwa padre wake, na mimi nimelelewa na masista, haya mambo nayajua. Padre mzee alinipokea vizuri, akafungua vitabu, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Dagani hakuna. Ijumaa ya pili nikarudi, nikamwomba atazame tena, labda kidole kiliruka mstari. Ya tatu nikarudi tena. Safari hii aliniambia kwa upole kwamba si kila Mkatoliki anayefika Stockholm hufika kanisani. Nilimshukuru kwa mdomo, moyoni nimenuna. Ilikuwa kama ameniambia babu yangu hakuwahi kuishi.

Hjulsta, Jumapili iliyofuata. Watanzania wa huko walikuwa wametualika chakula. Nilibadilisha treni mjini, nikapanda ile ya njia mpya ya buluu mpaka mwisho wake, nikatokea kwenye maghorofa marefu yanayofanana kiasi kwamba nilibisha hodi kwa watu wawili wasionihusu. Mwenyeji wangu aliitwa Bi Mwanaidi, mtu wa Tanga, mume wake alikuja kusomea umeme akabaki na kazi. Alikuwa amepika wali wa nazi, nazi yenyewe kaitoa wapi sijui, na binti yao Rehema alimjibu kila neno kwa Kiswidi huku mama mtu akiendelea na Kiswahili bila kujali. Baada ya kula nikawasimulia habari za babu na ubaya wa vitabu vya padre. Nilitegemea pole. Bi Mwanaidi akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mdogo wangu, umemtafuta mahali asipokuwapo," alisema. "Mimi Muislamu, baba Rehema Muislamu, na sote tumeandikwa kwa kasisi wa Kilutheri wa mtaa huu. Rehema alipozaliwa ilibidi jina lake lipelekwe kwa kasisi. Ukihama, kasisi. Ukifa, kasisi. Nchi hii kasisi ndiye karani wa serikali, hakuulizi unasali wapi."

Nilimwambia haiwezekani, Mkatoliki hawezi kuandikwa na Walutheri. Akaniuliza, je, Muislamu anaweza? Kumbe majuma matatu nilimsumbua mzee wa watu bure, kwa sababu tu nilijua mno. Kadi ya Mama ilikuwa na jina la mtaa wa mwandishi, nami nilikuwa nimeipeleka mahali pasipofaa kwa ujasiri mkubwa.

Kisiwa cha Södermalm, Ijumaa ya nne. Bi Mwanaidi aliomba ruhusa kazini anisindikize, maana Kiswidi changu kilikuwa cha chumba cha kuzalia tu: sukuma, pumzika, msichana, mvulana. Ofisi ya kanisa la Kilutheri la mtaa ule wa kwenye kadi ilikuwa na makabati mpaka dari na mama mmoja karani mwenye miwani shingoni. Alisoma jina la mtaa kwenye kadi, akauliza takriban miaka gani, akaingia ndani. Tulikaa. Bi Mwanaidi alitoa maandazi kwenye mkoba, tukala kimyakimya kama wanafunzi. Karani aliporudi alikuwa amebeba kitabu kikubwa kwa mikono miwili, ukurasa umekwisha kufunguliwa.

Alikuwamo. Michael Duggan, ndiye Maiko Dagani wetu, sasa fundi wa mashine za meli, raia wa kigeni, Mkatoliki. Mahali alipozaliwa: parokia fulani, kaunti ya Mayo, Ayalandi. Mwaka wa tano wa kukaa kwake alikufa hospitalini kwa mapafu. Nililia, sifichi. Karani akanisogezea kitambaa, kisha akaweka kidole kwenye safu nyembamba ambayo sikuwa nimeitazama, akamwambia Bi Mwanaidi neno moja.

"Anasema babu yako aliandikwa mjane," Bi Mwanaidi akaniambia. "Hakuandikwa kapera. Alifika hapa akiwa aliyefiwa na mke."

Nilimwomba karani arudie, Bi Mwanaidi akatafsiri tena, nikaomba mara ya tatu. Kisha nikauliza kaburi liko wapi. Karani alieleza kwamba lilikwisha kupewa mwingine, kwani huko kaburi lisilo na wa kulitunza hutumika upya baada ya miaka. Iliniuma. Jioni ile tulikwenda makaburini hata hivyo, nikasali kwenye majani, na Bi Mwanaidi akasimama pembeni akinyanyua viganja kuomba dua kwa desturi yake.

Kurudi hosteli nikaanza kufikiri kimisheni. Neno mjane liliandikwa kwa kauli ya mdomo wake mwenyewe, na mdomo wa mtu mmoja hauwezi kuwanyamazisha kina mama wa kwetu. Lakini parokia yake ninayo sasa. Na kwetu Wakatoliki kuna desturi: ukifunga ndoa popote duniani, padre aliyekufungisha humwandikia padre wa pale ulipobatizwa, naye huiandika pembeni mwa jina lako la ubatizo. Kama ndoa ilikuwapo, mchwa wa Uluguru hawakuweza kuila yote. Nikaandika barua Ayalandi kwa Kiingereza changu bora kabisa.

Vällingby, majuma manane ya kungoja. Kila mchana nilimtazama mwenye zamu ya barua kama mjamzito anavyomtazama mkunga. Jua likazidi, miti ikachipua yote kwa juma moja, wenzangu wakapiga picha. Mimi nilipiga hesabu ya siku zilizobaki. Barua ilifika zikiwa zimebaki nne. Sikuifungua. Nilipanda treni mpaka Hjulsta nimeibana kifuani, kwa sababu kama ni jibu baya nilitaka kulisikia pale penye mtu.

Padre wa Mayo alikuwa mtu wa mzaha. Aliandika kwamba amelipata jina la babu, na amekwenda pia kwa msajili wa serikali kulinganisha, ila kuna tatizo ambalo labda mkunga ataweza kulieleza: kitabu cha kanisa kinasema mtoto alibatizwa tarehe tisa, na cha serikali kinasema alizaliwa tarehe kumi na nane ya mwezi uleule. Wazazi wa siku zile, alieleza, walichelewa kwenda kuandikisha, wakasogeza siku ya kuzaliwa ili wasitozwe faini. Kisha aya mpya. "Pembeni mwa jina lake, kwa mwandiko mwingine, imeandikwa: amefunga ndoa na Anna binti Mkude, misheni ya Uluguru, Tanganyika. Nimekunakilia mstari mzima na kupiga mhuri."

Bi Mwanaidi alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama pana moto. Akaelezwa kwa Kiswidi kwamba pana harusi. Akauliza ya nani, Bi Mwanaidi akamwambia ni ya bibi yangu. Jirani akaingia, akanywa chai.

Morogoro, mwezi wa saba. Nilimsomea Mama barua ile jikoni. Alisikiliza akichambua mchele, mikono haikusimama. Akaniambia nisome tena ule mstari. Nikausoma. Akasema, "Basi alikuwa mke," akaenda kuoga.

Nilichojifunza safarini si kikubwa sana. Nilikwenda nikijua watu wetu ni akina nani na wengine ni akina nani. Nikarudi nikiwa na deni la shukrani kwa Mlutheri aliyemwandika Mkatoliki, na kwa Muislamu aliyenionyesha njia ya kwenda kwa kasisi.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Mama aliingia ofisini kwa paroko na nakala mkononi, kina mama wa kwaya wakiwa wamejaa mlangoni. Paroko alifungua kitabu kipya, akaiandika ndoa ya Maiko na Anna, kisha akamuuliza nani anayeleta habari hii. Maisha yake yote Mama alijiandikisha Sesilia Mkude, kwa jina la wajomba, kwani hakuwa na lingine. Alijitengeneza kitambaa kichwani, akawageukia wale wa mlangoni kwanza, ndipo akamjibu paroko, taratibu, ili kalamu imfuate:

"Sesilia binti Maiko Dagani."