Homa ya Baba Nasra

Homa ya Yusuph ilikuwa na tabia ya mgeni asiye na haya: inaaga, mizigo inaiacha ndani.

Mkewe Chausiku alikuwa ameichoka. Alikuwa amemchoka pia Eustace, mwenye duka la dawa pale Mafiga. Serikali ilikuwa imewafungulia watu binafsi biashara, na kila mwenye rafu mbili na koti jeupe akawa daktari. Eustace juzi tu alikuwa karani wa ghala la katani. Sasa watu wanamwamkia “shikamoo daktari” naye anaitika marahaba bila hata kukohoa.

“Taifodi imerudi, mama Nasra,” alisema, mkono tayari umo kwenye kopo la vidonge vya rangi mbili.

“Imerudi? Kwani ilikwenda wapi?”

“Mumeo hamalizi dozi.”

“Anamaliza. Namsimamia mpaka nione ulimi.”

“Basi maji hamchemshi.”

“Mkaa wangu wote unaishia huko! Nitajie nisilolifanya, Eustace.”

Eustace akacheka, akamfungia vidonge kwenye kipande cha gazeti.

Yusuph alikuwa mtu wa kiwandani, Kihonda. Kiwanda kilipopata mwenyewe mpya, yeye na wenzake wakaambiwa asanteni, nendeni. Akarudia kazi aliyoijua tangu utoto wake mlimani: bustani. Akapata kipande kando ya mto, akawa mtu wa mchicha. Alfajiri yumo majini anachota, jioni yumo tena anasuuza mafungu mpaka yang'ae, maana wateja wa sokoni hawataki tope. Hapo ndipo homa ilipoanza. Vidonge vinaishusha, anaamka, anarudi mtoni. Hajakaa sawa, yuko mkekani anatetemeka. Na kila ikirudi inaondoka na nyama yake. Mkanda uliisha matundu, akawa anafunga suruali kwa kamba. Majirani wakaanza kumtazama kwa jicho la kupima sanda, na ugonjwa waliokuwa wanaufikiria hawakuutaja, ila walipunguza kuja kuomba moto.

Siri Chausiku aliikuta kwenye migomba. Alikwenda kukata jani, akaona majivu aliyoyamwaga mwenyewe asubuhi yana doa jekundu, bichi. Yusuph ndiye aliyekuwa ametoka huko.

“Baba Nasra! Hii damu ya kuku gani?”

“Mkojo tu huo.”

“Mkojo tu? Tangu lini?”

“Wote mtoni tunao. Utotoni tuliambiwa ndiyo kukua.”

“Una mvi kichwani, unakua kwenda wapi?”

Yusuph akainama. “Ningesema, ungedhani ni ugonjwa nimeuokota kwa wanawake wa Dumila.”

“Kwa hiyo ukaona afadhali ufe, nibaki mjane asiye na wivu!”

Hakumpa nafasi hata ya kubadili shati. Zahanati waliyokwenda ilikuwa na tabibu aitwaye Yuliana, na huyo aliuliza lile ambalo Eustace hakuwahi kuuliza: mkojo ukoje? Yusuph akatazama dirisha.

“Mwekundu,” Chausiku akajibu.

Wakapima damu, wakapima mkojo. Taifodi ilikuwepo kweli. Na mayai ya kichocho yalikuwepo, tele.

“Haya magonjwa mawili yamefanya urafiki,” Yuliana akawaambia. “Minyoo ya kichocho inakaa ndani ya mishipa ya damu. Vijidudu vya taifodi vinajishikiza kwenye hiyo minyoo. Ukimeza dawa, vingi vinakufa, homa inashuka. Vilivyojibanza kwa minyoo vinangoja dawa iishe, vinatoka upya. Lazima tuue vyote, mpangaji na mwenye nyumba. Na ukirudi majini miguu mitupu, baba, minyoo mingine inaingia kwenye ngozi.”

Chausiku alitoka pale hasira zinamtoka puani. Muda wote ule walikuwa wanamfukuza mpangaji na kumwachia mlango wazi!

Yusuph akatibiwa yote mawili. Safari hii homa iliondoka na mizigo yake. Mwili ukarudi, kamba ikatupwa. Chausiku akamtafutia buti ndefu za mpira kwenye mitumba.

Asubuhi moja akaamka, mume hayupo, makopo ya kumwagilia hayapo. Buti zipo pale pale mlangoni.

Akazibeba hadi mtoni. Yusuph alikuwa majini na wenzake, suruali imekunjwa, miguu mitupu.

“Baba Nasra, umesahau viatu.”

Wanaume wakaangua kicheko. Abuu, mwenye bustani ya jirani, ndiye aliyecheka zaidi. “Shemeji, mwache mwanaume! Hapa siyo bwawa la mamba.”

“Wewe Abuu, unakojoa rangi gani?”

Abuu akainamia kopo lake.

“Nawauliza wote. Huyu alikuwa anakojoa damu, akaificha kwa aibu, nusura nimzike. Nani mwingine?”

“Mama Nasra!” Yusuph alifoka. “Mambo ya ndani yaache ndani.”

“Nikiyaacha ndani nitayatoa kwa jeneza. Kasirika utakavyo. Maiti haikasiriki.”

Yusuph akatoka majini, akazinyakua buti, akazivaa mguu mmoja mmoja bila kumtazama mtu. Siku hiyo na iliyofuata hakusema na mkewe.

Jioni ya pili Abuu akapiga hodi, si mlangoni, bali huku nyuma kwenye migomba. Macho yake yalikuwa chini.

“Shemeji, ile zahanati… saa hizi bado wanapokea watu?”

Chausiku akageukia ndani. “Baba Nasra! Hasira zako zingoje kesho. Njoo umpeleke mwenzio.”

Mlangoni zikasikika buti zikivaliwa.