Kicheko cha Nazario Kwenye Machela

Kaka yangu alikuwa chini ya kifusi, lakini kwenye simu za watu alikuwa anacheka.

Sitanii.

Tetemeko liliangusha jengo alimofanyia kazi, hapa Mexico City. Nazario, kaka yangu, alifukiwa upande wa kulia. Upande wa kushoto alifukiwa mwenzake wa kazini, Evodio, mume wa komadre wangu Yadira. Yadira na Evodio ndio waliomsimamia binti yangu ubatizo, na kwetu komadre ni zaidi ya ndugu.

Watu walichimba kwa mikono. Mmoja akiinua ngumi, wote wanainua, kimya, hakuna kusogea, ili wamsikie aliye chini.

Upande wa Nazario tulisikia mtu anagonga.

Mara picha ikazagaa: Nazario juu ya machela, kaangalia juu, anacheka. "Kaokolewa! Yuko hospitali!"

Mama akapiga magoti kwa furaha. Wachimbaji wote wakahamia kwa Evodio.

Tukazunguka hospitali zote. Nazario hayupo.

Nikaikodolea macho ile picha. Nyuma ya machela watu wameinua ngumi. Aisee, ngumi zikiwa juu hatembei mtu! Hawa wabeba machela wanakwenda wapi?

Na kicheko kile nilikijua. Ni mlangoni pa kanisa, siku ya ubatizo. Evodio anawarushia watoto sarafu, kama baba wa ubatizo anavyopaswa, na Nazario anazitazama zikiwa hewani. Picha ya siku hiyo aliipiga Yadira, na alinitumia mimi peke yangu; sasa uso umetolewa humo ukabandikwa kwenye machela.

Nikarudi mbio kwenye kifusi.

"Komadre, umefanya nini?"

"Evodio ana watoto watatu," akasema bila kunitazama. "Nazario hana hata mmoja. Na wachimbaji walikuwa wachache, komadre."

"Ana mama!"

Nilipiga kelele mpaka watu wakarudi kuchimba upande wa kaka. Walipomfikia Nazario, mwili wake ulikuwa bado una joto.

Nyie, kikulacho ki nguoni mwako. Picha ya habari mbaya tunaikagua wenyewe. Ya habari njema ndiyo tunaipokea bila kuuliza, basi hiyo ndiyo muichunguze zaidi.

Siku ya tisa ya sala za msiba, Evodio, aliyetolewa kifusini akiwa hai, alikuja na magongo. Hajui kitu. Akaniomba, huku analia, yeye ndiye auinue msalaba wa marehemu uliolazwa sakafuni, heshima ambayo kwetu hupewa mtu wa karibu.

"Nazario alikuwa ndugu yangu, komadre. Usininyime."

Yadira alisimama nyuma yake, ananiomba kwa macho nisiseme.

Nikampa msalaba. Yadira sijamsamehe.